Mnada Hauna Siri: Uwazi na Uwajibikaji wa Madalali

Mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi wa Kata ya Njoro, Manispaa ya Moshi



Somo la leo linahusu dalali anayegonga mlango akiwa na karatasi mkononi. Ni somo ambalo wengi hulikwepa, kwa sababu anayeulizia habari za dalali hudhaniwa kuwa na deni, na deni ni jambo ambalo mtu hulificha hata kwa ndugu zake. Matokeo yake ni kwamba elimu hii humfikia mwananchi siku ambayo kabati lake limekwisha kupakiwa kwenye gari. Afadhali tuizungumze mapema, tukiwa watulivu, kabla haijamhusu yeyote kati yetu.

Niseme tangu mwanzo kwamba deni ni wajibu. Fedha za SACCOS au za kikundi cha kuweka na kukopa ni fedha za majirani, na asiyelipa anamrudisha nyuma mama mwenzake. Sheria inampa mdai njia ya kupata haki yake, na mnada ni mojawapo ya njia hizo. Kwa hiyo leo sitawafundisha namna ya kumkimbia dalali. Ninalotaka tukubaliane ni hili: dalali hufanya kazi kwa mamlaka aliyokabidhiwa kwa niaba ya umma, na mwenye mamlaka ya namna hiyo lazima aonekane, aulizwe na ajibu.

Maana ya kunadi

Neno lenyewe linatufundisha. Kunadi ni kutangaza kwa sauti ili watu wasikie. Mali ikiuzwa chumbani kati ya watu watatu, hata kama mmoja wao amejiita dalali, hapo hakuna kilichonadiwa.

Sisi wa Moshi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mnada unaofuata utaratibu. Kwa miongo mingi kahawa ya miteremko ya Kilimanjaro, pamoja na ya mikoa mingine, imekuwa ikinadiwa hapa mjini kwetu, na leo mnada huo unasimamiwa na Bodi ya Kahawa Tanzania. Kahawa hupangwa kwa mafungu na madaraja. Wanunuzi hupewa sampuli mapema ili waonje na kupima. Anayenunua lazima awe na leseni, na bei iliyofikiwa huandikwa. Mkulima wa kihamba huko juu anaweza kulalamikia bei ya msimu, na mara nyingi hulalamika, lakini anajua bei hiyo ilifikiwa wapi na mbele ya nani. Hata lawama yake ina mahali pa kuanzia.

Sasa jiulize: ikiwa gunia la kahawa linastahili uangalifu huo, nyumba ya familia inastahili kiasi gani?

Dalali huyu ametumwa na nani?

Wananchi wengi huwaita wote kwa jina moja, kisha hupeleka malalamiko yao mlango usiohusika. Madalali tunaokutana nao hutumwa na wakubwa wa aina tatu.

Wa kwanza ni mahakama. Mtu ameshtakiwa, hukumu imetolewa, hakulipa, na mahakama imeamuru mali yake ikamatwe na kuuzwa. Anayetekeleza amri hiyo ni dalali wa mahakama. Huyu haji kwa hiari yake wala kwa kutumwa na mdai, bali huja kwa amri iliyoandikwa, yenye namba ya shauri, jina la mahakama, sahihi na muhuri. Uteuzi, malipo na nidhamu yake vinaongozwa na kanuni za mwaka 2017, Tangazo la Serikali Namba 363. Chini ya kanuni hizo, anayeomba kazi hii anatakiwa kuwa na cheti cha umahiri kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na ipo kamati inayoshughulikia uteuzi na nidhamu ya madalali wa mahakama.

Wa pili ni benki au taasisi nyingine ya fedha iliyopewa ardhi kuwa rehani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mkopeshaji wa namna hii uwezo wa kuuza rehani bila kwanza kufungua kesi, ili mradi afuate masharti ya sheria. Dalali anayemtumia hapati mamlaka yake kwa hakimu. Anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Madalali, Sura ya 227, iliyoanza tangu enzi ya ukoloni.

Wa tatu ni taasisi ya umma, ikiwemo halmashauri yenyewe, inapouza mali iliyochakaa au iliyokamatwa kisheria.

Yupo na mtu wa nne, ambaye simhesabu kuwa dalali. Ni yule anayetumwa na mkopeshaji wa mtaani kuchukua televisheni, jiko la gesi au pikipiki kwa sababu tu marejesho yamechelewa. Karatasi iliyoandikwa na mkopeshaji mwenyewe haiwi amri ya mahakama kwa kupigwa muhuri wa duka. Wala kuwepo kwa askari au mgambo mlangoni hakuthibitishi kwamba amri ipo. Aliye na amri ataionyesha.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa dalali, nalo liulizwe kwa adabu, ni hili: «Umetumwa na nani, na kitambulisho, leseni na amri yako viko wapi?» Andika jina lake, namba ya amri na jina la mahakama au benki. Kama simu yako ina kamera, piga picha ya karatasi. Usimpige wala usifunge barabara, kwa maana kumzuia mtu anayetekeleza amri halali ya mahakama ni kosa, nawe utakuwa umejiongezea kesi juu ya deni.

Tangazo, na ngoma ya Sura ya 227

Sheria ya Madalali ina kifungu ambacho ningependa kila mwenye nyumba akifahamu. Kinasema ardhi isinadiwe mpaka litolewe tangazo kwa umma kwa muda usiopungua siku 14, katika mji mkuu wa wilaya ilipo ardhi hiyo na pia mahali mnada utakapofanyika. Tangazo hilo lieleze jina la muuzaji na mahali anapoishi. Tena halitoshi likiwa la maandishi tu: sheria inataka litolewe pia kwa mlio wa ngoma, au kwa njia nyingine ambayo mtu asiyejua kusoma ataielewa.

Ndugu zangu, tunaweza kutabasamu tukisikia habari za ngoma, lakini aliyeandika kifungu hicho alielewa jambo ambalo sisi wenye simu za kisasa tunalisahau. Alielewa kwamba tangazo halikamilishwi na kuchapishwa. Tangazo hukamilika pale linapomfikia anayehusika. Tangazo dogo katika ukurasa wa ndani wa gazeti ambalo halifiki mtaani kwetu linaweza kuonyeshwa mahakamani kama ushahidi, ilhali jirani wa nyumba inayouzwa hakupata habari. Leo kipaza sauti juu ya gari kinaweza kufanya kazi ya ngoma, na ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa unaweza kuikamilisha.

Kwa upande wa mahakama, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inataka tangazo lieleze mali inayouzwa, kiasi cha deni, na mahali na wakati wa mnada. Pasipo ridhaa ya mdaiwa, mnada usifanyike kabla ya siku 30 tangu tangazo libandikwe mahakamani ikiwa mali haihamishiki, au siku 15 ikiwa inahamishika. Na kwa rehani, mkopeshaji hutakiwa kwanza kumpa mkopaji notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa. Siku hizi zimewekwa ili mtu apate nafasi ya kulipa, kujadiliana na mdai, au kwenda mahakamani. Anayeficha notisi chini ya godoro anazipoteza mwenyewe.

Mali isiyoguswa

Katika kukazia hukumu, Sura ya 33 hiyohiyo inaviweka kando vitu ambavyo mtu hawezi kuishi bila hivyo. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia havikamatwi. Zana za kazi za fundi hazikamatwi, wala zana za mkulima. Nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake nayo imo katika kinga hiyo.

Hapa nawaomba tuelewane vizuri. Kinga ya nyumba haimkingi aliyeiweka nyumba hiyohiyo rehani kwa hiari yake. Aliyetia sahihi mkataba wa rehani amekubali kwamba nyumba ndiyo dhamana. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Mume au mke anayeombwa kutia sahihi asiharakishwe. Aulize kiasi cha mkopo, muda wake na riba yake, na akiona mashaka akatae.

Bei na hesabu

Uwazi hauishii kwenye tangazo. Mnada unaweza kutangazwa vizuri kisha mali ikauzwa kwa bei ya kutupa, kwa mnunuzi aliyepangwa tangu jana.

Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji anayeuza rehani apate bei nzuri kadiri inavyowezekana kwa wakati huo. Inakwenda mbali zaidi. Bei ikiwa pungufu kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei ya ardhi inayofanana nayo sokoni, sheria inachukulia kwamba mkopeshaji amekiuka wajibu wake, mpaka athibitishe vinginevyo. Tuchukue mfano. Tuseme nyumba zinazofanana na yako, katika eneo linalofanana na lako, zinauzwa kwa wastani wa shilingi 40,000,000. Asilimia 25 ya fedha hizo ni shilingi 10,000,000. Nyumba yako ikinadiwa kwa shilingi 30,000,000 au chini ya hapo, mzigo wa kueleza unahamia kwa aliyeuza. Kwa hiyo ripoti ya mthamini si karatasi ya kutupa. Tunza nakala yake.

Katika mnada wa mahakama, mtu yeyote mwenye jukumu katika uuzaji huo haruhusiwi kuinunua mali hiyo au kupandisha dau, yeye mwenyewe au kupitia mtu mwingine. Mnunuzi wa mali isiyohamishika hulipa asilimia 25 papo hapo, na kiasi kilichobaki ndani ya siku 15. Tena mdaiwa akileta deni lote pamoja na gharama kabla nyundo haijagonga, mnada lazima usimame.

Baada ya mnada ni hesabu. Fedha zilizopatikana hulipa gharama halali na deni, na kinachobaki ni mali ya mdaiwa. Siyo bakshishi ya dalali, wala siyo adhabu kwa aliyechelewa kulipa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mdaiwa ana haki ya kuuliza kwa maandishi: mali iliuzwa kwa bei gani, gharama zilikuwa kiasi gani, deni lilikuwa kiasi gani, na salio liko wapi.

Mlango wa malalamiko

Sasa nifike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Sheria tunazo na leseni zipo, lakini mwananchi wa kawaida hana njia nyepesi ya kujua kama leseni anayoonyeshwa bado ni hai, au kama dalali huyo amewahi kulalamikiwa na malalamiko yakaishia wapi. Leseni ambayo raia hawezi kuihakiki humlinda mwenye leseni peke yake.

Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya Holili, wamechukua njia tofauti kidogo. Kwa Sheria ya Madalali ya mwaka 1996 waliunda bodi moja ya kutoa leseni kwa madalali. Bodi hiyo ndiyo hutoa leseni, huzihuisha kila mwaka, na mwananchi mwenye lalamiko dhidi ya dalali hulipeleka hapo. Faida ya mpango huo ni kwamba mlango unajulikana. Hata hivyo, bodi pekee haileti haki. Kamati au bodi yoyote, ya kwao au ya kwetu, huaminika pale inapoweka wazi daftari la wenye leseni, vigezo vya kuwapata, malalamiko iliyopokea na uamuzi iliofanya. Kamati ikimwadhibu dalali mkorofi kwa siri, dalali mwema hubaki ananuka harufu isiyo yake, na mkorofi huhamia mtaa wa pili.

Hapa kwetu, mpaka hapo milango itakapokuwa mmoja, tushike njia hizi. Lalamiko juu ya dalali wa mahakama lipelekwe kwa maandishi mahakama iliyotoa amri, kwa hakimu au msajili, nalo linaweza kufika kwenye kamati ya nidhamu. Mwenye hoja kwamba mnada wa mahakama uliendeshwa kwa ukiukaji au kwa udanganyifu aombe utenguliwe ndani ya siku 30, akionyesha hasara aliyoipata. Mgogoro wa rehani upelekwe kwa benki kwa maandishi, na isipojibu, kwenye baraza la ardhi au mahakama yenye mamlaka. Akiombwa au akionyeshwa rushwa, mwananchi apige namba 113 ya TAKUKURU, bila malipo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili afike Ofisi ya Maendeleo ya Jamii aelekezwe kwa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Nasisitiza neno moja: wahi. Sheria ya Ardhi humlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Rehani ikishauzwa na kukabidhiwa kwa mtu asiyejua hila yoyote, mara nyingi aliyedhulumiwa hubaki na haki ya kudai fidia tu kutoka kwa aliyeuza. Fidia ni fedha. Haimrudishii mtu mahali alipowalea wanawe.

Wajibu wetu hapa Njoro

Mabadiliko ya sheria ni kazi ya Bunge, na nidhamu ya madalali wa mahakama ni kazi ya Mahakama. Halmashauri haina mamlaka hayo, nami sitawaahidi nisichoweza kukitimiza. Yapo hata hivyo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, nami nayaweka mbele yenu kama mapendekezo.

La kwanza, kila tangazo la mnada linalohusu mali iliyopo katani libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na wa kata, kwa Kiswahili, na libaki pale mpaka siku ya mnada.

La pili, kila mwenyekiti wa mtaa awe na daftari moja la kumbukumbu. Dalali akifika, iandikwe tarehe, jina lake, aliyemtuma, namba ya amri na orodha ya mali iliyochukuliwa, kisha pande zote zitie sahihi. Mwenyekiti si hakimu. Hawezi kuuzuia mnada halali wala kuubariki ulio haramu. Kazi yake ni kuwa shahidi, na shahidi hapokei posho kutoka upande wowote.

La tatu, kata iombe kwa barua orodha ya madalali wa mahakama wanaotambuliwa katika mkoa wetu, nayo ibandikwe hadharani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi za umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30.

La nne linatuhusu sisi wenyewe. Halmashauri inapouza kwa mnada gari chakavu, samani au mali iliyokamatwa, wananchi waone orodha ya mali kabla ya mnada, wajue dalali aliyepewa kazi na jinsi alivyopatikana, na baadaye wasomewe bei zilizofikiwa na fedha zilizoingia. Hatuwezi kudai kwa dalali kile ambacho sisi hatukifanyi. Mkiona mnada wa halmashauri umefanyika kimya, ulizeni katika mkutano kama huu, nasi tujibu.

Ndugu wananchi, yako mambo mengi ya kisheria ambayo muda huu hautoshi kuyaeleza, na kila shauri lina mazingira yake, hivyo mwenye jambo mahususi amwone mwanasheria au mtoa msaada wa kisheria. Lakini maswali manne kila mmoja anaweza kwenda nayo nyumbani: nani amekutuma, leseni na amri yako iko wapi, tangazo lilitolewa lini na wapi, na hesabu ya fedha ikoje? Dalali mwaminifu hachukizwi na maswali haya, kwa kuwa majibu yake yamo kwenye mkoba wake. Na mdaiwa anayeyauliza hajakataa kulipa. Anachotaka ni kulipa deni lake, na asilipe zaidi ya deni hilo.

Sasa ni zamu yenu kuuliza.